Mstari wa Nne

Kengele ya saa kumi ilipolia, Mbithe hakungoja mtu. Alikimbia nyumbani, akautupa mkoba kitandani, na bila kuvua sare, jambo ambalo mama yake alikuwa amelikemea mpaka akachoka, akaenda kushika kazi yake katika karakana ya baba. Mulinge, baba yake, alikuwa mhunzi. Karakana yake ilikuwa kibanda cha mabati pembeni mwa mji wa Makindu, karibu kabisa na barabara kuu ya Mombasa, na kila lori lililopita lilitikisa koleo zilizoning'inia ukutani. Kazi ya Mbithe ilikuwa kuvuta mvukuto ili moto usilale. Kazi ya Mulinge ilikuwa kufua chuma na kupiga domo, na wateja walisema hawajui ni ipi aliyoiweza zaidi.

Wiki hizo mbili Mbithe alikuwa na kazi nyingine pia. Nyuma ya shule yao, ng'ambo ya ua, kulikuwa na tangi kuukuu la maji lililosimama juu ya miguu minne mirefu ya chuma. Kutu ilikuwa imeila miguu hiyo hadi tangi likaanza kuegemea upande wa madarasa ya gredi ya kwanza na ya pili. Mwalimu mkuu aliyafunga madarasa hayo, wale wadogo wakahamia kanisani, wakawa wanasoma kwenye mabenchi ambayo miguu yao haikufika chini. Hatimaye wenye kiwanja waliamua kulibomoa, likaletwa tingatinga ambalo mkononi mwake, badala ya ndoo ya kuchimbia, lilikuwa na mkasi.

Mkasi wenyewe haukuwa wa kukatia nguo! Ulikuwa na taya mbili kubwa, na kila taya ilifungiwa visu kwa skrubu nene. Kisu kimoja kilikuwa pande la chuma lenye ukubwa wa mkate, zito kiasi kwamba Mbithe alikibeba kwa mikono miwili huku amekunja uso. Kilikuwa na makali manne. Makali ya kwanza yakiisha, fundi alikifungua, akakigeuza, akakifunga tena, mkasi ukaendelea kukata. Kila makali yalipoisha, fundi alichora mstari mmoja wa chaki juu ya kisu. Mistari minne ilimaanisha kisu kimekwisha kabisa. Vile vilivyokwisha alipewa Mulinge, kwa sababu Mulinge aliwanolea wafanyakazi wa tingatinga patasi na kuwafulia pini za mashine. Kila jioni, mashine ikishazimwa, Mbithe alikwenda na wilibaro hadi langoni kuvichukua.

Fundi huyo aliitwa Kinyanjui. Alikuwa kijana mpole kutoka upande wa Nyeri, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kwanza.

"Mbithe, umekuja na gari lako?" alikuwa akimtania kila akimwona na wilibaro. "Leo umeweka mafuta?"

Mambo yaliharibika Jumatatu, katika mkutano wa klabu ya kilimo ya shule, 4K. Ilikuwa mwanzo wa Novemba, mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na shamba la klabu lilisubiri kupandwa ndengu. Lakini majembe yalikuwa machache. Msimu wa kupanda hakuna mzazi wa Makindu anayempa mtoto jembe aende nalo shuleni.

"Mwaka jana tulikuwa watu arobaini kwa majembe matano," alisema Mwalimu Muthoki, mlezi wa klabu. "Wengine walipanda kwa vijiti. Mwaka huu tufanyeje?"

Mbithe alikuwa mwenyekiti wa klabu, na uenyekiti ulikuwa umeanza kumpanda kichwani. Alisimama. "Mwalimu, mimi nitaleta majembe kumi na mawili. Ijumaa yatakuwa hapa. Baba atayafua."

Darasa zima lilimgeukia. Rafiki yake Mutindi alimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Mbithe aliketi akiwa amejaa raha hadi masikioni, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba hakuwa amemuuliza baba yake.

"Kumi na mawili!" Mulinge alishangaa jioni hiyo. "Wewe unadhani nakaanga mandazi?" Lakini alicheka, kwa kuwa moyo wake haukuwa mgumu. "Haya. Kisu kimoja hutoa majembe manne. Niletee visu vitatu kesho, nitayamaliza. Ukileta viwili utapata manane, na hayo mengine ukayaombe kwingine."

Jumanne jioni visu vilikuwa vimepangwa juu ya gunia kama kawaida. Kinyanjui alikuwa amepanda juu ya mkono wa tingatinga, anapaka grisi, mgongo ameupa lango.

"Chukua vile vya mistari minne, Mbithe!" alipaza sauti bila kugeuka.

Mbithe alihesabu. Vya mistari minne vilikuwa viwili tu. Kando yavyo palikuwa na kisu kimoja cha akiba chenye mistari mitatu.

Alikitazama kile cha tatu. Akaona macho ya darasa zima yakimgeukia tena Ijumaa, safari hii kwa kicheko. Mfukoni mwa sare alikuwa na kipande cha chaki alichokiokota asubuhi baada ya kuandika tarehe ubaoni. Hakufikiri sana, na mimi sitamtetea kwa hilo, maana alikuwa na nafasi ya kufikiri. Aliinama, akachora mstari wa nne kando ya ile mitatu, akaupulizia vumbi kidogo usionekane mpya. Kisha akapakia visu vyote vitatu.

"Umevipata?" aliuliza Kinyanjui kutoka juu.

"Ndiyo!"

"Msalimie mzee!"

Hakushuka kuhakikisha. Hakuwahi kushuka hata siku moja.

Mulinge alikuwa na desturi ya kuhesabu mistari kabla ya kukitia kisu motoni, kwa Kikamba, akigusa kila mstari kwa kidole. "Imwe, ili, itatu, inya. Imwe, ili, itatu, inya." Kwenye kisu cha tatu alisita. Alipitisha kidole gumba kwenye makali ya upande mmoja. "Hapa pamebaki pakali hivi? Ajabu." Mbithe alishika mvukuto, akatazama makaa. "Haya, wenyewe ndio wanajua. Kinyanjui akisema nne, ni nne."

Akakitupa kisu ndani ya makaa, na Mbithe akavuta mvukuto.

Alhamisi mchana, wakiwa darasani, walisikia mlio uliowafanya wote waangalie dirishani. Tangi lenyewe lilikuwa tayari limeshushwa, ikabaki miguu iliyoinamia madarasa; mkasi ulikuwa umeng'ata mguu wa tatu, na kisu kimoja kikakatika pembe. Tingatinga lilizimwa. Mbithe alijua wanatafuta nini pale kwenye gunia, na alijua hawatakiona.

Jioni hiyo alikuwa akivuta mvukuto wakati Yvonne alipoingia karakanani. Yvonne ndiye aliyeendesha tingatinga lile, mwanamke mrefu kutoka milima ya Mbooni, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa kazi. Kinyanjui alimfuata nyuma.

"Mzee Mulinge, hamjambo? Tunatafuta kisu chetu kimoja cha akiba. Kilikuwa na mistari mitatu."

"Hatujambo, mama. Lakini vilivyonifikia vyote vilikuwa na minne. Nilihesabu mwenyewe."

Yvonne alitazama kwenye fuawe. Nusu ya kisu cha tatu ilikuwa pale, bado haijafuliwa. Aliinama, akaigeuza. "Kinyanjui, njoo uone. Upande huu haujakata hata waya."

Kinyanjui aliangalia. Rangi ilimtoka usoni.

"Haiwezi kurudishwa?" Yvonne alimuuliza mhunzi.

Mulinge alitikisa kichwa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na mzaha. "Chuma cha kiwandani kikishaingia katika moto wangu, ugumu wake umeisha. Kinafaa jembe. Kwenye mkasi kitajikunja."

"Visu vipya vinatoka Mombasa Jumatatu," alisema Yvonne. "Hiki kimoja kingetumalizia miguu yote miwili kesho. Sasa wale watoto watakaa kanisani wiki nyingine." Akamgeukia kijana. "Nani hutia alama?"

"Mimi peke yangu, madam," alijibu Kinyanjui polepole. "Kama mzee alikuta minne, basi nilikosea kuhesabu." Alivua kofia, akamgeukia Mulinge. "Mzee, nisamehe sana. Nimekufanya uharibu kitu cha watu."

Mkono wa Mbithe ulisimama juu ya mvukuto.

"Vuta, mwiitu," baba yake alimwambia. "Moto unalala, msichana wangu."

Akavuta.

"Wiki ya kwanza uliacha nati bila kukazwa," Yvonne alikuwa akimwambia Kinyanjui, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu asiyependa anachokisema. "Nilikutetea. Bosi akasema kosa la pili ni nyumbani. Hili siwezi kumficha. Kesho saa saba utapanda basi."

Kinyanjui alisema, "Sawa, madam," akaitazama tena ile mistari isiyokuwepo, iliyokwisha kuungua, kana kwamba angeweza bado kuihesabu.

Ijumaa majembe kumi na mawili yalifika shuleni yamefungwa kwenye pikipiki, mapya, bado yananuka moshi. Klabu nzima ilipiga vigelegele. Mwalimu Muthoki alimwita Mbithe mbele.

"Huyu ndiye kiongozi," alisema. "Akisema, anatenda. Mpigieni makofi ya kilo!"

Makofi yakapigwa: kilo moja, kilo mbili, kilo tatu. Mwalimu akampa jembe moja alishike. Mbithe alisimama pale akitazama miguu yake. Jumatatu sifa zile zilikuwa tamu, na sasa kila kofi lilimchoma. Alitamani Mutindi asingetabasamu vile. Alitamani mtu yeyote amzomee. Dirishani, watoto wa gredi ya kwanza walikuwa wakipita kwa mstari kurudi kanisani kutoka msalani, mmoja wao akiburuta sweta vumbini. Ng'ambo ya ua tingatinga lilikuwa kimya, na miguu miwili ya tangi bado ilisimama.

Saa ya chakula ilipofika hakwenda kupanga foleni ya githeri. Alikuwa bado ameshika jembe. Kupitia ua alimwona Kinyanjui akitoka kwenye hema la wafanyakazi na begi begani, na Yvonne kando yake, wakielekea langoni mahali boda boda ilipokuwa ikisubiri. Mbithe alipiga moyo konde. Alikimbia.

"Kaka Kinyanjui! Ngoja! Usiende!"

Aliwafikia pumzi zimemwishia. Yvonne alianza kumkaripia, maana mwanafunzi hakuruhusiwa kufika pale mchana, lakini alipoona uso wa mtoto akanyamaza.

"Hukukosea kuhesabu," alisema Mbithe. "Ilikuwa mitatu. Mstari wa nne niliuchora mimi." Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha chaki, akakinyoosha mbele. "Kwa hii. Nilikuwa nimeahidi majembe kumi na mawili, na visu vya mistari minne vilikuwa viwili tu. Nilikuwa hapa jana mkisema... nilikuwa karakanani, nikasikia yote, na nikanyamaza."

Machozi yalimtoka, lakini hakujifuta, kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na chaki na mwingine jembe.

Kinyanjui aliliweka begi chini, akaketi juu yake, akaipokea chaki.

"Kwa hivyo sikukosea," alisema, kana kwamba anajiambia mwenyewe. "Unajua, Mbithe, tangu jana nahesabu vile visu kichwani. Nahesabu, naanza tena. Nilifika mahali nikasema, labda mimi hata nne sijui."

Mbithe alikuwa amejitayarisha kwa matusi na hata kwa kofi. Kwa maneno hayo hakuwa amejitayarisha. Alilia kwa sauti.

"Na asubuhi amempigia mama yake simu kumwambia amefukuzwa," alisema Yvonne, na sasa hasira ilikuwepo. "Nimesimama pale nikamsikia. Utamwambia nini mama huyo?"

Bila kungoja jibu, Yvonne akatoa simu yake. Kwanza alimpigia bosi. Alieleza kisa chote pale pale, mbele ya Mbithe, bila kukipunguza makali, akamaliza kwa kusema, "Kijana hana kosa. Kosa langu ni kuamini kwamba yeye ndiye aliyekosea." Akakata simu, akamwambia Kinyanjui kwamba bosi amekubali abaki, kisha akamwambia mwenye boda boda, "Nenda kamlete Mzee Mulinge."

Mulinge alifika na aproni yake ya ngozi ikiwa bado kiunoni. Binti yake alimweleza mwenyewe, maana Yvonne alikataa kumsaidia. Mbithe alingoja baba apaze sauti, kama alivyozoea hata kwa mambo ya mzaha. Mulinge hakupaza sauti. Alivua aproni polepole, akaikunja, akaikunja tena, na Mbithe akaona kwamba baba yake anaona haya. Hapo ndipo alipojua ukubwa wa alichokifanya, kwa maana hakuwahi kumwona baba akiona haya mbele ya watu.

"Kinyanjui," alisema Mulinge, "jana uliniomba msamaha karakanani kwangu, nikakuacha uombe. Mimi nilipitisha kidole kwenye yale makali nikayakuta makali. Nilipaswa kuja kukuuliza. Nisamehe wewe."

"Yameisha, mzee."

"Hayajaisha. Kuna huyu." Akamgeukia binti yake. "Mbithe, ungeniambia visu ni viwili, ningekufulia majembe manane, na wenzako wangepanda kwa zamu. Ungeona aibu kidogo, ikaisha. Lakini wewe ulikwepa aibu ndogo yako, ukamtwika mwenzako kubwa. Sikiliza. Ule mstari si chaki. Ule ni Kinyanjui anasema, 'Nimekikagua, kimekwisha, mzee tia motoni.' Ulipouchora, uliingia kinywani mwake ukasema uongo kwa sauti yake. Mtu akishafanya hivyo, hata mkweli hujikana mwenyewe. Umemwona?"

"Nimemwona, Baba."

"Basi kazi ya mdomo wako bado. Twende shuleni."

Mwalimu Muthoki aliikusanya klabu tena mchana huo huo. Mbithe alisimama mbele, mahali pale pale alipopigiwa makofi, akasema yote, hata sehemu ya kupuliza vumbi. Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka. Alipomaliza alisema hastahili kuwa mwenyekiti, na mwalimu akakubali bila kubembelezana naye. Mutindi akachukua nafasi hiyo hadi mwisho wa muhula. Majembe yalibaki shuleni, kwa kuwa Yvonne alisema chuma hakirudi kuwa kisu hata mkikililia. Lile jembe alilokuwa ameshika, Mbithe alilirudisha juu ya mengine, akalitua polepole lisitoe sauti.

Kabla jua halijatua aliongea pia na mama yake Kinyanjui kwa simu. Alichomwambia alikisema kwa sauti ndogo sana, na mama huyo akamuuliza kama amekula chakula cha mchana.

Visu vipya vilifika Jumatatu, vikafungwa, na Jumanne mguu wa mwisho wa tangi ukalala chini. Watoto wa gredi ya kwanza na ya pili walirudi madarasani wakikimbia, wakigombania madirisha. Kesho yake tingatinga lilikuwa lipakiwe kwenye lori kupelekwa kazi nyingine Mtito Andei.

Jioni hiyo Mbithe alifika langoni na wilibaro, akasimama mbali kidogo. Tangu Ijumaa hakuwa ametumwa. Leo baba alikuwa amemwambia tu, "Nenda." Kinyanjui alikuwa chini, si juu ya mashine. Palikuwa na kisu kimoja juu ya gunia, kimechorwa mistari mitatu.

"Makali ya nne yameisha leo," alisema Kinyanjui. "Pitisha kidole."

Mbithe alipitisha kidole kwenye makali yote manne, moja baada ya jingine. Yote yalikuwa butu.

Kinyanjui alitoa mfukoni kile kile kipande cha chaki. "Chora."

"Chora wewe," alisema Mbithe, akirudi nyuma hatua moja.

"Hapana. Siku ile ulichora kwa jina langu. Leo umekagua mwenyewe, chora kwa jina lako."

Mbithe aliinama akachora, na mstari ukatoka umepinda. Hakupuliza vumbi. Alikipakia kisu, akamuaga Kinyanjui, akasukuma wilibaro hadi karakanani.

Mulinge alikipokea, akakiweka kwenye fuawe, akaanza kugusa kwa kidole. "Imwe, ili, itatu..." Kidole kilisimama juu ya ule uliopinda. "Huu wa nne kauchora nani?"

"Mimi, Baba."

"Kimekwisha?"

"Kimekwisha. Nimekagua makali yote manne."

Mulinge alimtazama usoni, na Mbithe, ingawa aibu ilikuwa bado pale kifuani, hakuinamisha kichwa.

"Inya," alisema baba yake, akakitia kisu motoni bila kupitisha kidole kwenye makali. "Vuta mvukuto."